Risasi, Kalibu na Kiasi: Historia Iliyojificha katika Msamiati wa Bunduki

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda akiulizwa maana ya neno risasi hasitisiti. Atajibu kwamba ni kile kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki na kuua. Mpe sentensi inayotaja "petroli isiyo na risasi", naye atacheka, kwani ni nani aliyewahi kutia risasi katika petroli? Lakini sentensi hiyo ni sahihi kabisa. Kwa miongo mingi petroli ilichanganywa na kemikali yenye madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwaka 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha, mwaka 2021. Risasi ni madini kwanza. Maana ya kitu kinachopigwa kwa bunduki ilifuata baadaye.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati. Zinatokana na kazi ya mikono, yaani kuyeyusha madini, kuyamimina katika kalibu na kuyapimia baruti, kazi ambayo wazungumzaji wa Kiswahili waliijua vizuri na kuipa msamiati kamili. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa imekwisha kwetu. Hata hivyo, bado ipo Marekani na kwingineko miongoni mwa watu wanaoshindana kupiga shabaha kwa bastola, na atakayejaribu kutafsiri maandishi yao kwa Kiswahili atashangaa kukuta kwamba maneno anayoyatafuta yamo katika kamusi zetu za zamani, yakimngoja.

Tuanze na neno lenyewe. Kiarabu kina rasas, maana yake madini yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Kwa kuwa vidonge vya bunduki vilitengenezwa kwa madini hayo, Waarabu wenyewe walikwisha kuliongezea neno maana ya pili, na Kiswahili kikapokea maana zote mbili. Neno bunduki nalo lina safari yake. Katika Kiarabu bunduq ni aina ya kokwa ilayo watu. Baadaye jina likapewa vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde, na mwishowe silaha mpya iliyotumia baruti ikaitwa kwa jina la vidonge vyake. Basi bunduki imepata jina kutokana na umbo la kidonge, na kidonge kimepata jina kutokana na madini.

Sasa tazama kilichotokea neno risasi lilipopanda bara. Katika Kiswahili sanifu risasi ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-: risasi hii, risasi hizi. Wasemaji wa lugha za bara walisikia kitu kingine. Waliisikia silabi ya kwanza, ri-, kama kiambishi cha umoja, kile ambacho katika lugha nyingi za Kibantu huwa li- au ri- na ambacho wingi wake ni ma-. Kwa mantiki hiyo, shina ni -sasi. Ndiyo maana Kilingala kina lisasi katika umoja na masasi katika wingi. Waganda husema essasi na amasasi. Wanyarwanda na Warundi husema isasu na amasasu. Kiswahili cha Kongo nacho hutumia masasi. Walimu wetu wengi huliita hilo kosa wanapolikuta katika insha. Si kosa hata kidogo, ni sarufi ya Kibantu ikifanya kazi yake juu ya neno la kigeni, na ni mfano bora kuliko mingi iliyomo katika vitabu vya isimu. Lakini katika mageuzi hayo kitu kimoja kilipotea. Amasasi wa Luganda ni vitu vya bunduki tu. Madini yamebaki pwani.

Neno lilipanda bara pamoja na biashara. Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suuna mwaka 1844, na wafanyabiashara waliomfuata walileta nguo, shanga na bunduki. Mwaka 1862 John Hanning Speke alimpa Mutesa bunduki, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 anasimulia jinsi Kabaka alivyompa kijana wa nyumbani mwake bunduki iliyojaa na kumwagiza aende nje akampige mtu, aone kama inafanya kazi. Upande wa magharibi, Hamed bin Muhammed el Murjebi alipata jina la Tippu Tip, ambalo kwa maelezo mojawapo ni mwigo wa mlio wa bunduki zake. Historia hii haipendezi, wala hatuna sababu ya kuipamba. Tunaitaja kwa sababu kila msafara wa aina ile ulihitaji watu waliojua kuitunza na kuishindilia silaha, na maneno yao ndiyo tuliyorithi.

Maneno hayo yana undani. Bunduki ya zamani ilijazwa kwa mbele. Mpigaji alimimina baruti katika mtutu, akatia kitambaa au majani makavu, akatia risasi, kisha akasukuma vyote kwa ufito uitwao mdeki. Kitendo hicho ni kushindilia, na hata leo tunasema mtu ameshindilia chakula bila kukumbuka mdeki. Moto ulitoka kwa jiwe katika bunduki ya gumegume. Baadaye ulitoka kwa fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka kikigongwa. Neno fataki lina asili ya Kihindi, na mwishoni mwa miaka ya 2000 Watanzania walilipa maana mpya kabisa ya mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, jambo ambalo wanafunzi wetu hulifahamu zaidi kuliko vikofia vya shaba.

Risasi zenyewe zilisubiwa. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu yapate umbo. Kalibu ya risasi ilikuwa koleo lenye tundu la mviringo katikati. Mtu aliyeyusha madini juu ya makaa, akamimina, akangoja kidogo, akafungua, na kidonge kikaanguka. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327.5 za Selsiasi tu, joto ambalo jiko la kawaida la makaa hulifikia bila taabu, tofauti na shaba au chuma vinavyodai mvukuto na fundi. Hapo ndipo siri ya madini haya ilipo: ni mazito, yanakwenda mbali, na mtu yeyote mwenye sufuria anaweza kuyafinyanga.

Vile vidonge vidogo sana vya kuwindia ndege, ambavyo kamusi huviita marisau, vilikuwa na njia nyingine. Mwaka 1782 William Watts wa Bristol, Uingereza, alipata hataza ya kuidondosha risasi iliyoyeyuka kutoka juu kupitia chujio. Matone yalijiviringa yenyewe hewani na kuangukia majini yakiwa vidonge kamili.

Neno linalonivutia kuliko yote ni kiasi. Kwa mwanafunzi wa leo kiasi ni kadiri au kipimo: kiasi gani, kwa kiasi, kupita kiasi. Katika kamusi za zamani utakuta pia kiasi cha bunduki, maana yake baruti na risasi zilizokwisha kupimwa na kufungwa pamoja tayari kwa kupigwa mara moja. Waswahili walikitazama kile kifurushi, wakaona kwamba jambo kubwa ndani yake ni kipimo. Nitarudi kwa neno hili.

Kwa nini basi kazi hii ikatoweka? Sehemu ya jibu iko Ulaya. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kubwa kuliko baruti nyeusi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Kwa mwendo huo mpya madini laini ya risasi yalikwaruzika na kuacha utando ndani ya mtutu. Ikabidi yavikwe koti la metali ngumu zaidi, kazi inayodai kiwanda. Sehemu ya pili ya jibu ni sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa Afrika katika eneo lililo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, lakini ukaacha nafasi, kwa masharti, kwa bunduki za jiwe zisizo na mifuo ndani ya mtutu na kwa baruti ya kawaida. Mwafrika akaachiwa gobori na kalibu yake, huku askari wa mkoloni wakishika silaha za kiwandani. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilipiganwa katika pengo hilo. Waliokunywa dawa waliambiwa kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji.

Baada ya hapo risasi ilikuja kwetu ikiwa imetengenezwa tayari, ndani ya sanduku, mikononi mwa askari. Hakuna aliyeona tena madini yakiyeyuka. Katika Uganda jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu watu wengi walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa mwenye bunduki. Lugha ilifanywa ya pili rasmi kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kuisukuma mbele zaidi mashuleni, lakini wapo wazee ambao neno hili huwarudisha kwenye kizuizi cha barabarani. Siwalaumu. Ninachotaka wanafunzi wafahamu ni kwamba neno lilikuwapo kabla ya kizuizi, na lilikuwa la watu waliokaa mbele ya jiko wakipima.

Watu kama hao bado wapo. Desturi ya kusubu risasi nyumbani ni ya zamani sana Marekani, na kisa chake mashuhuri ni cha mwaka 1776. Usiku wa tarehe 9 Julai umati wa watu wa New York uliangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu, iliyotengenezwa kwa risasi na kupakwa dhahabu. Vipande vilipelekwa Litchfield, Connecticut, ambako wanawake na watoto waliviyeyusha na kusubu vidonge 42,088 vya kuwapigia askari wa mfalme huyohuyo. Sijui kama kuna matumizi mengine ya sanamu yaliyokuwa na hesabu kamili namna hii.

Miongo kadhaa baadaye Samuel Colt alianza kuuza rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka. Mnunuzi mwenye uwezo aliipata katika sanduku la mbao pamoja na chombo cha baruti na kalibu. Kusubu kulihesabiwa kuwa sehemu ya kumiliki silaha. Ganda la shaba lenye baruti, fataki na risasi pamoja lilipoenea, ingetarajiwa kalibu zitupwe. Hazikutupwa. Shaba ni ghali, na ganda halipotei: katika rivolva maganda hubaki ndani ya silinda mpaka mpigaji ayatoe mwenyewe. Aliyeyaokota angeweza kuyatia fataki mpya, baruti na risasi, akayatumia tena mara nyingi. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, Connecticut, ikiuza vyombo vya kazi hiyo pamoja na kalibu za kila namna. Mwaka 1925 biashara hiyo ilichukuliwa na Lyman, ambayo jina lake lilikuja kujulikana kwa kila msubu risasi wa Marekani.

Lakini bei si sababu pekee. Anayeshindana katika shabaha hataki nguvu; anataka kila risasi ifanane na iliyotangulia. Katika mashindano ya Marekani hupigwa karatasi iliyo umbali wa yadi 25 au 50, na risasi ya .38 ya kazi hiyo, yenye uzito wa gramu 9.6, huenda mita mia mbili na ushei tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo wa polepole madini laini hayaharibiki. Ndiyo maana risasi isiyo na koti, iliyofukuzwa katika bunduki za jeshi miaka ya 1880, ilipata makao ya kudumu katika bastola ya shabaha.

Ufundi wenyewe ulijengwa kidogo kidogo. Mapema katika miaka ya 1870 jeshi la Urusi lilipoagiza rivolva kwa Smith & Wesson, lilitaka risasi ikae ndani ya ganda, na mifereji yake ya mafuta ifunikwe isishike vumbi. Kutokana na agizo hilo ikazaliwa .44 Russian, ambayo wapigaji waligundua mara moja kuwa inalenga kuliko zilizoitangulia. Mmarekani Ira Paine alizunguka kumbi za Ulaya katika miaka ya 1880 akionyesha ustadi wake kwa bastola za kampuni hiyo. Walter Winans, Mmarekani aliyezaliwa St Petersburg na kuishi Uingereza, aliandika kitabu kizima juu ya kupiga rivolva mwaka 1901. Huyu alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki katika upigaji shabaha mwaka 1908, na nyingine mwaka 1912 katika uchongaji wa sanamu. Baadaye Elmer Keith, mfugaji wa Idaho, aliwachorea Lyman risasi yenye pua bapa na bega kali, na maandishi yake yaliwafanya wengi wanunue kalibu. Wapigaji wa karatasi walikwenda mbali zaidi: walikata pua yote, risasi ikawa kama kipande cha nguzo, ili itoboe tundu la mviringo safi na waamuzi wasigombanie alama.

Risasi tupu ni laini mno hata kwa kazi hii. Huchanganywa na bati, linalofanya mchanganyiko ujae vizuri katika kila pembe ya kalibu, na antimoni, madini ambayo kamusi za zamani huyaita wanja wa manga, yanayouongezea ugumu. Sasa, mchanganyiko uliopendwa ulitoka wapi? Ulitoka kwa wachapishaji. Mashine ya Linotype, iliyoanza kutumika katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ilisubu mistari ya herufi kwa metali yenye takribani asilimia 84 ya risasi, 12 ya antimoni na 4 ya bati. Magazeti yalipohamia uchapaji wa picha na kompyuta, tani kwa tani za metali hiyo ziliuzwa kama chakavu, na wasubu risasi walikuwa wa kwanza mlangoni. Herufi zilizochapa habari za asubuhi zikaenda kutoboa karatasi za shabaha. Sisi tunaoishi kwa herufi tunaweza kuliwaza jambo hili tupendavyo.

Wachapishaji waliwaachia pia onyo. Benjamin Franklin, aliyekuwa mchapishaji, aliandika mwaka 1786 juu ya mafundi wa herufi walioharibika mikono kwa sababu ya kushika risasi kila siku. Madini haya ni sumu, nayo huingia mwilini kwa vumbi, moshi na mikono isiyonawiwa. Msubu makini hufanya kazi penye hewa na hali chakula mezani pake.

Turudi kwenye kiasi. Baruti ya kisasa inayotumika kwa bastola ya shabaha ni kidogo sana, haijazi hata nusu ya ganda. Mtu akisahau na kumimina mara mbili, ganda halifuriki wala halimwambii kitu. Silinda ndiyo itakayomwambia, kwa kupasuka. Ndiyo sababu vitabu vyote vya kazi hii hutumia kurasa nyingi kwa mizani, na wakongwe hukagua kila ganda kwa taa kabla ya kutia risasi. Neno kiasi cha bunduki lilikwisha kueleza hayo kabla ya baruti isiyo na moshi kuvumbuliwa.

Katika somo la tafsiri, basi, mwanafunzi akipewa maandishi ya aina hii hana sababu ya kukimbilia kutohoa. Ana kusubu, kalibu, fataki, baruti, mtutu na shabaha. Ana ganda la risasi, ambalo magazeti hulitumia kila polisi wanapofika mahali pa tukio. Tatizo moja ni la kweli. Leo risasi ni jina la kitu kizima, ganda na vyote vilivyomo, na pia ni jina la ile sehemu inayoruka peke yake. Katika mazungumzo haina shida. Katika maelezo ya jinsi ya kuitia risasi ndani ya risasi, msomaji atapotea. Baadhi ya wenzangu hupendekeza kichwa cha risasi kwa sehemu inayoruka. Inaeleweka, lakini naona ni afadhali kuiachia sehemu hiyo jina lake la asili, kwa kuwa ndiyo iliyo madini, na kitu kizima tukirudishie jina la kiasi. Vitenzi navyo vitasaidia: risasi husubiwa, kiasi hujazwa. Nimeona wanafunzi wa mwaka wa pili wakilitumia pendekezo hili katika mazoezi yao bila kukwama, ingawa mmoja aliandika "viasi" katika wingi, na darasa zima likaingia katika mjadala wa ngeli uliotumaliza saa.